Kadi ya Kukataa

Mtu yeyote aliyetaka kuukatalia mji alikwenda kwa Baba Nukta. Ndiye aliyeandika "Usikojoe Hapa" kwenye ukuta wa nyuma ya soko, na "Nyumba Hii Haiuzwi" kwenye mageti ya ndugu wasioelewana, na "Hatukopeshi, Usituchoshe" juu ya rafu za sukari madukani. Aliandika "Mbwa Mkali" hata mahali ambapo mbwa mwenyewe alishakufa. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu kweli, na alama yake ya mshangao ilisimama wima kama askari wa zamu. Watu walisoma wakatii, au angalau walisogea wakakojoa mbele kidogo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumkatalia mtu. Mteja akitaka bango Ijumaa, alisema sawa. Wa pili akitaka Ijumaa hiyohiyo, alisema sawa. Ijumaa ikifika, alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuwa mwongo, ndivyo walivyolelewa. Kwao neno "hapana" halikuwa tusi, ila lilikaa nyumba moja na tusi. Aliyealikwa asikotaka kwenda alisema "tutajitahidi." Aliyeombwa kitu alisema "ngoja nikiangalie." Aliyeandaliwa chakula asichokipenda alisema ameshiba, huku tumbo likimuumbua mbele za watu. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliwahi kuposwa baada ya kufiwa na mume. Akamjibu mposaji, "Acha nifikirie," na mzee wa watu akafikiriwa mpaka akazikwa.

Humo ndimo alimozaliwa Nukta. Jina lilitokana na udogo wake siku ya kuzaliwa, baba yake alipomtazama akasema ni kama tone la rangi lililodondoka shukani. Sasa alikuwa na miaka minne, mzima wa afya, mwenye mwendo wa haraka wa kunyata, na alikuwa hasemi. Si kwamba sauti hakuwa nayo. Tangazo la sabuni la redioni aliliimba lote bila kukosea, pamoja na ule muziki wa mwisho. Lakini kuomba maji kwa mdomo hakuwahi. Kliniki waliuita usonji. Bibi aliuita uchelewaji. Baba Mdogo, mdogo wake Baba Nukta, fundi redio aliyeishi chumba cha uani, hakuuita jina lolote.

"Mimi nilianza kusema mapema sana," aliwaambia, "na mpaka leo sijasema la maana. Mwacheni mtoto apange hoja zake."

Tatizo halikuwa maneno. Tatizo lilikuwa meno.

Nukta aliuma. Chanuo likikaa kichwani kuliko alivyoweza kuvumilia, aliuma. Mgeni akimkumbatia na kumbembeleza, aliuma. Bibi aliumwa begani akawaambia majirani kwamba ni mapenzi. Chekechea, hata hivyo, hawakuyatambua mapenzi ya namna hiyo. Siku alipomuuma mwalimu wa nyimbo katikati ya wimbo wa kupiga makofi, Mwalimu Mkuu aliwaita wazazi ofisini. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na kibao kilichoandikwa na Baba Nukta mwenyewe: "Ongea kwa Kifupi."

"Mtoto wenu nampenda," alisema Mwalimu Mkuu, "lakini nina wazazi wengine, na watoto wao wana ngozi. Akiuma tena mtu yeyote, anarudi nyumbani na harudi hapa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu," alisema Baba Nukta upesi, kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama Nukta alijua hawana pengine pa kwenda. Shule nyingine za jirani zilishamwambia "tutawapigia simu," naye, ingawa hakuzaliwa katika ukoo ule, alikuwa ameolewa humo muda wa kutosha kujua maana yake. Tena kuna jambo alilokuwa ameliona kupitia dirisha la darasa wiki chache nyuma. Nukta alikuwa amejaza mchanga kwenye kikombe, akampa mtoto mwenzake, kisha akasubiri arudishiwe. Kwa mtu mwingine ulikuwa mchanga tu. Kwa Mama Nukta yalikuwa mazungumzo, na hayakuwahi kutokea kwingine kokote.

Wakaenda kliniki, kwa mtaalamu wa usemi. Alikuwa binti mdogo aliyekaa sakafuni na watoto na kuwaacha wazazi kwenye viti. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Akiuma huwa anataka nini?" aliuliza.

"Hataki kitu," alisema Baba Nukta. "Ndiyo shida yenyewe."

"Basi mpeni namna ya kusema hataki." Akamwaga mezani kadi za picha ambazo Nukta alikuwa ameshazizoea: maji, mpira, choo, bembea. "Zitazameni hizi. Zote ni za kuomba, ya kukataa haipo hata moja. Ninyi mngeishi vipi mkiruhusiwa kuomba tu?"

Baba Nukta alikaribia kusema kwamba ndivyo wanavyoishi, ila akajizuia.

"Tengenezeni kadi moja ya kukataa," mtaalamu aliendelea. "Akiitoa, mnaacha hapohapo mlichokuwa mnafanya. Baadaye tutamfundisha pia kusubiri, na mambo ambayo hayana budi. Lakini mwanzoni, acheni. Akiitoa msipomsikiliza, ataona kadi haifanyi kazi na meno yanafanya."

"Hata akimpa mama yangu?"

"Hata akinipa mimi."

"Wewe sina wasiwasi nawe," alisema Baba Nukta. "Nauliza mama yangu."

Kikao kilifanyika sebuleni, Jumapili mchana. Bibi alikaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda. Nukta alikuwa chini ya meza akipanga vizibo vya chupa kwa rangi.

"Nasikia kuna karatasi," Bibi alianza.

"Ni kadi, Mama," alisema Mama Nukta. "Ya mtoto kusema hataki."

"Hataki nini?"

"Asichokitaka."

"Na asichokitaka kikiwa mimi?"

Kila mtu akakumbuka kutazama vizibo.

"Mimi nimelea," alisema Bibi. "Nimemlea hata huyu." Akamnyooshea kidole Baba Mdogo. "Huyu mtu mwingine angemrudisha hospitali akaomba abadilishiwe. Sijaona mtoto wa miaka minne anapewa hati ya kuwakataa wakubwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema. Nyie mnataka kumwuliza samaki kama yuko tayari?"

"Lakini anauma watu, Mama."

"Meno kapewa na Mungu. Mtoto akiuma, watu wanasema ni mtoto, hajui. Hiyo kadi atakuwa kapewa na nyie. Watu watasema wazazi ndio waliomtuma."

"Kaka, nichoree na mimi moja," alidakia Baba Mdogo. "Shemeji akiniita kuosha vyombo, namwonyesha."

"Wewe kadi ya nini?" alisema Mama Nukta. "Ukiitwa si unayeyuka tu."

Bibi akatoa hukumu. Waanze na kadi za adabu: Shikamoo, Asante, Naomba Radhi. Mtoto akishazijua hizo, hiyo nyingine tutaona. Pale sebuleni hakuna asiyejua "tutaona" ilikuwa na uzito gani. Kuna mposaji alikuwa ameshalala na ndugu yake, "acha nifikirie", kaburini.

"Sawa, Mama," alisema Baba Nukta. Mkewe akamtupia jicho ambalo lenyewe lilikuwa bango.

Alizichora vizuri kweli, maana kazi yake aliiheshimu. Alikata vipande vya mbao nyembamba, akavipiga msasa kingo zisimchome mtoto, akavipaka nyeupe, akachora, akamalizia na vanishi. Katika kadi ya Shikamoo kulikuwa na msichana aliyeinama mbele ya mwanamke mzee mwenye kilemba. Bibi aliitazama muda mrefu.

"Pua umeipatia," alisema.

Nukta alizipokea zote tatu. Alizinusa, akaipenda harufu ya vanishi, akazilaza chini ya kitanda, zote zikitazama upande mmoja. Hakuna hata moja aliyoitumia. Wiki hiyohiyo Baba Mdogo alimrusha juu na kumdaka, akamrusha tena, na safari ya tatu alimdaka akiwa na meno kwenye kiwiko. Kadi ya Naomba Radhi ilikuwa hatua mbili kutoka pale, na huko haikutoka.

Mama Nukta alimfuata mumewe kwenye kibanda chake cha kazi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ubao wa "Hakuna Kupita".

"Mji mzima unakataa kwa mkono wako," alimwambia. "Mwanao peke yake ndiye hana bango."

"Nitachora."

"Lini?"

"Wiki hii hii."

"Baba Nukta, mimi si mteja."

Siku hiyo akachora. Lakini mkono uliokuwa ukikataa kwa niaba ya wenye nyumba, wenye maduka na wenye mbwa waliokufa ulipofika kwenye kadi ya mtoto wake ulianza kutafuta maneno. "Sitaki" aliiona kali. "Basi" aliiona fupi. Mwisho aliandika kwa herufi za kulala, zenye mikia: "Samahani, kwa heshima zote, naomba iwe basi kwa leo. Asanteni." Pembeni akazungushia maua. Akaipeleka kwa Bibi, naye akaisoma kwa sauti, akaomba iongezwe "wapendwa wakubwa zangu." Ikaongezwa.

Kule kliniki mtaalamu aliishika kwa mikono miwili.

"Nani anaoa?" aliuliza.

"Ni ile ya kukataa," alisema Baba Nukta.

"Nukta anasoma?"

"Hasomi."

"Kwa hiyo hii kadi ni ya nani?"

Baba Nukta alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli pale ukweli usipomuudhi mtu, alijibu, "Ya mama yangu."

Binti hakucheka. "Basi mpe, ni nzuri. Sasa ya mtoto. Usianze na maneno. Kaa naye, mtazame anavyokataa, halafu chora hicho."

Hilo alilielewa. Kinyozi akitaka picha ya kichwa mlangoni, Baba Nukta hukaa kwanza akatazama vichwa. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alivuta kigoda mlangoni, wakati mkewe anamchana Nukta nywele, akatazama kama fundi.

Kwanza mikono ya Nukta iliacha kuchezea vizibo. Kisha akageuza uso kuutazama ukuta. Kisha akaanza kuguna, sauti ndogo ya puani, isiyopanda wala kushuka. Kisha mkono mmoja ukainuka, kiganja wazi, ukasukuma hewa.

"Karibu tunamaliza, mama," alisema Mama Nukta, na kuendelea.

Kiganja kikasukuma tena. Mguno ukakaza. Ndipo kichwa kilipoanza kugeuka kuelekea kifundo cha mkono wa mama yake.

"Acha," alisema Baba Nukta.

"Bado upande mmoja."

"Acha. Ameshasema."

Chanuo likasimama hewani. Mguno ukakatika. Nukta alikitazama kile chanuo, akahakikisha hakirudi, akarudia vizibo vyake na nywele zake za upande mmoja.

Baba Nukta alibaki amekaa. Siku zote walikuwa wakisema mtoto anauma ghafla, bila sababu, bila hata dalili. Kumbe alikuwa na utaratibu. Aliacha kucheza, akageuka, akaguna, akasukuma, na kila hatua alimpa mtu nafasi ya kuelewa. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kukataa kwa adabu namna ile. Meno yalikuwa ya mwisho kabisa, kwa wasiojua kusoma.

Alichora kiganja. Hakukibuni, alisubiri Nukta alale mchana, akaupima mkono wake, akakichora kwa ukubwa uleule, chekundu juu ya nyeupe, vidole vimetanuka. Lilikuwa bango lake la kwanza lisilo na herufi. Akatoboa tundu, Mama Nukta akaliunga kwa utepe kiunoni mwa gauni.

Kufundisha hakukuwa kugumu. Chanuo likija, na uso ukianza kugeuka, mama aliuongoza mkono wa Nukta hadi kwenye kadi, akaipokea, akaliweka chanuo chini. Wakarudia kesho yake, na kesho kutwa. Kisha siku moja mkono ukaenda wenyewe.

Ndipo nyumba ilipojua utawala ni kitu gani. Nukta alikataa viatu. Alikataa kuoga, akakataa na kukaushwa. Baba yake alipomwimbia, alipewa kadi. Baba Mdogo alikuwa katikati ya kisa chake cha mtu aliyeoa dada wa mkwewe, kadi ikamfikia.

"Hata mimi? Nilikuwa sijafika penye kuchekesha!"

"Huwa hufiki," alisema Mama Nukta. "Kakupunguzia safari."

Taarifa ya habari ilipoanza, Nukta aliinuka akaibandika kadi kwenye kioo cha redio. Baba Mdogo aliizima akasema mtoto huyu angegombea leo angeshinda. Walikula kwa kuchelewa, walitoka na viatu nusu, na nywele za Nukta zilionekana kama shamba lililolimwa na watu waliogombana. Lakini hakuna aliyeumwa, nyumbani wala shule. Baada ya muda kadi ilianza kupungua yenyewe. Aliyejua mlango uko wazi hakuwa na haraka ya kuukimbilia.

Bibi peke yake hakuitambua ile kadi.

"Macho yangu ya karibu yamekufa," alisema mwanamke huyo, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nukta alipomletea kadi kuukataa uji, aliiacha ikae mapajani. "Kitu chenu kimeanguka," alitangaza. Kisha akausogeza uji pembeni. "Wenyewe umepoa. Uji uliopoa una faida gani?" Kila mara uji ulikuwa umepoa, au mkeka ulikuwa unachoma, au yeye Bibi mwenyewe alikuwa amechoka kumbeba. Kadi alikuwa hajaiona.

Kisha ikaja siku ya kufungua darasa jipya pale chekechea. Lilikuwa limejengwa na mtu mmoja mkubwa aliyeitwa na wote Mfadhili, na jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko neno "Darasa". Aliyeliandika ni nani, hamna haja ya kuuliza. Ukoo wote ulifika, Bibi akiwa na kilemba chake kizuri.

Mwalimu Mkuu aliwapokea getini. Kadi alikuwa anaijua. Mtaalamu alikuja akamweleza, na yeye mwenyewe alikwisha kupewa mara kadhaa, na tangu hapo darasani hakukuwa na jino lililogusa mtu. Alishukuru, kwa kweli. Lakini leo aliitazama ikining'inia juu ya sare mpya akauma midomo.

"Hii, kwa leo tu, tuifiche kidogo," alisema. "Kuna picha. Mgeni atauliza ni nini, nitamwambiaje?"

"Mwambie ni nini," alisema Mama Nukta.

"Kwa leo tu, Baba Nukta."

"Sawa, mwalimu," alisema Baba Nukta, na kabla mkewe hajafungua kinywa, alikuwa ameshaivuta sweta ya Nukta chini ikaifunika kadi.

Hotuba zilikuwa ndefu, maana kile kibao cha ofisini hakikuletwa uwanjani. Utepe ukakatwa. Mpiga picha akasema mgeni rasmi ambebe mtoto mmoja, mdogomdogo, picha ipendeze. Mfadhili alitazama mstari wa watoto, akainama, akamnyanyua yule aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Alikuwa Nukta.

Baba Nukta alikuwa hatua chache tu pembeni, na kwa mara ya pili maishani aliutazama ule utaratibu kama fundi. Vidole vya Nukta vikaacha kuchezea kifungo. Uso ukageukia ukuta wa darasa. Mkono ukashuka kiunoni kutafuta kadi, ukakuta sufu. Ukatafuta tena. Mguno ukaanza.

"Anaimba!" alisema Mfadhili, na kumkumbatia zaidi. "Mtoto mchangamfu!"

"Sana, mheshimiwa," alisema Mwalimu Mkuu, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya pua. "Anasema amefurahi kukuona. Ndiyo namna yake."

Kiganja kikainuka, kikasukuma koti la mgeni.

"Anakupapasa!" alisema Mwalimu Mkuu. "Mpiga picha, haraka."

Mpiga picha akaomba wasogee kwenye mwanga. Sikio la Mfadhili lilikuwa pana na karibu. Baba Nukta aliona kichwa cha mwanawe kinaanza kugeuka, na akaona pamoja nacho darasa, na kikombe cha mchanga, na mtoto yule aliyekirudisha. Kooni mwake maneno yote ya nyumbani yalipanga foleni: samahani mheshimiwa, kwa heshima zote, kama hutajali, tutajitahidi. Hakuna hata moja ambalo lingefika kabla ya meno.

"Hapana!" alisema.

Lilitoka jekundu, na alama yake ya mshangao. Uwanja mzima ukamgeukia.

"Hataki," alisema Baba Nukta. "Mteremshe."

"Nani hataki?" aliuliza Mfadhili.

"Yeye. Amekwambia tangu ulipombeba."

"Mbona sijasikia?"

"Hata sisi tulikuwa hatusikii. Mteremshe sasa hivi, mzee."

Mfadhili alimtazama mtoto, akakiona kinywa kilichokuwa wazi upana wa kidole kutoka sikioni kwake, akamshusha kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Miguu ilipogusa chini, mguno ukakatika. Nukta akapandisha sweta yake, akaifungua kadi kiunoni, akampa Mfadhili mkononi, kwa kuwa kazi aliyoianza alipenda kuimaliza. Mfadhili akaigeuza nyuma na mbele akitafuta maandishi, akakosa. Basi, kama mtu aliyezoea kupewa vitu katika sherehe, akasema asante sana, akamkabidhi msaidizi wake aende akaiweke garini pamoja na zawadi nyingine.

Picha ikapigwa na mtoto mwingine.

Gari la mgeni lilipoondoka, Mwalimu Mkuu aliwavuta pembeni, nyuma ya viti vilivyopangwa.

"Mmeniaibisha," alisema. "Afadhali angemuuma! Angemuuma, ningesema mtoto ana tatizo, na mheshimiwa ana moyo wa huruma, angeelewa. Lakini kumwambia hamtaki! Mbele za watu! Na baba mtu ndiye mkalimani! Kwa kweli sijui kama mtoto huyu atatufaa."

Mama Nukta alifungua kinywa, lakini kiti kimoja kikasogezwa, na Bibi akasimama katikati yao.

"Mwalimu," alisema, "ulisema akiuma tena mtu, anarudi nyumbani. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, Bibi, lakini..."

"Ameuma?"

"Hakuuma, lakini amemkataa mgeni ra..."

"Kukataa hukusema. Ungesema, tungejua. Ulisema meno. Mheshimiwa kaondoka na masikio yake yote mawili, nimemkagua mpaka anaingia garini."

Baba Mdogo akaanza kukohoa kwa makusudi. Wazazi wengine walikuwa wameacha kukunja viti ili wasikie vizuri.

"Sasa Jumatatu mtoto anakuja?" aliuliza Bibi.

Mwalimu Mkuu alitazama viti, akawatazama wazazi. "Tutaona," alisema.

"Aa-a," alisema Bibi. "Hiyo naijua. Nimeitumia hujazaliwa, najua inakopeleka watu. Sema aje, au sema asije."

Baba Nukta alimtazama mama yake kama mtu anayeona ukuta wa nyumba yao umeota dirisha. Mwalimu Mkuu alitafuta njia ya katikati, na kwa kuwa aliyekuwa ameikalia njia hiyo miaka yote ndiye aliyesimama mbele yake, hakuipata.

"Aje," alisema.

"Haya. Na sweta isishushwe," alisema Mama Nukta.

"Isishushwe," alikubali Mwalimu Mkuu, na kwenda kuhesabu viti ambavyo havikuwa na shida ya kuhesabiwa.

Nukta alikuwa amekaa kando ya ukuta wa darasa jipya, ameshavua kiatu kimoja, anavuta kidole juu ya mstari wa saruji kati ya tofali na tofali. Kadi ilikuwa imeondoka na gari, na ya pili ilikuwa bado haijachorwa. Bibi alimwendea, kilemba kimekaa upande, mikono ameitanua.

"Njoo nikubebe, mjukuu wangu. Umetutoa kimasomaso leo. Njoo."

Kidole cha Nukta kikasimama juu ya saruji. Uso ukageuka, ukautazama ukuta.

Mikono ya Bibi ilibaki hewani. Nyuma yake wanawe wote wawili na mkwewe walikuwa wamesimama wakitazama. Polepole, Bibi akaishusha mikono, akaipangusa kwenye nguo kana kwamba ilikuwa na vumbi.

"Haya," alisema. "Nimeona."

"Umeona nini, Mama?" aliuliza Baba Nukta.

"Nimesema nimeona. Sijasema nimekubali." Akakiokota kile kiatu, akakikung'uta mchanga, akakishika mwenyewe. "Mnasimama nini hapo? Mpeni mtoto nafasi."

Wakampa nafasi. Walisimama wote wanne juani wakimngojea, mpaka mwenyewe alipomaliza na ukuta wake, akainuka, akatangulia njia ya nyumbani na kiatu kimoja.